Usiniambie kina mafunzo, niambie ndani kuna nini

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wetu wa wasomaji hapa Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimeongezea kidogo pale ambapo muda ulinibana.)

Shikamooni wazee wangu, ndugu zangu habari zenu, na nyie wadogo zangu wa sekondari mliojibana kule nyuma sogeeni bhana huku mbele viti vipo. Wengi mnanijua kwa sura, mi ndo yule dada wa vitabu vya mtumba pale Ngamiani, na kazi yangu ukiacha kupokea hela na kurudisha chenji ni moja tu, mtu anasimama anaangalia makava, anafungua hiki anafunga, anashika kile, halafu anasema haya dada niambie nisome nini. Basi leo nimeambiwa niongelee hilo hilo, kusoma vitabu vya kila aina na namna ya kupendekezeana, na nimefurahi kweli maana ni jambo naliwaza kila siku na sijawahi kupewa maiki nikaliongea kwa kirefu.

Kwanza niseme hili la kwamba sisi hatusomi. Kila mahali utaambiwa Watanzania hawasomi, ukitaka kuwaficha kitu weka kwenye kitabu, na watu wanacheka. Mimi sikubaliani nalo kabisa. Nendeni saluni yoyote hapa mjini saa kumi jioni muone wadada wameinamia simu, wengine wanasoma simulizi za WhatsApp, sehemu ya 34 imetoka jana, sehemu ya 35 inatoka leo usiku na ili uitumiwe lazima ulipie, na wanalipa! Mtu anakaa na dawa kichwani anamhadithia mwenzake yule mama mkwe kafanya nini. Sasa huyo hasomi? Na kabla ya simu yalikuwepo magazeti ya udaku yenye hadithi za Shigongo, watu walikuwa wananunua gazeti zima kwa ajili ya ule ukurasa mmoja tu wa itaendelea wiki ijayo. Hamu ya kusoma ipo, ila sisi tunaojiita wasomaji hatujajua kumchukua mtu kutoka pale alipo tumpeleke sehemu nyingine, tunachojua ni kumwambia achana na huo upuuzi soma vitabu vya maana.

Na hapa ndo nafika kwenye neno ambalo naomba leo tuliache humu humu ndani. Neno mafunzo. Mtu akimpendekezea mwenzake kitabu utasikia soma kile, kina mafunzo sana. Hiyo sentensi imefukuza watu kwenye vitabu kuliko bei. Nasema hivyo kwa sababu wote tumepita shule, tumesoma riwaya ili tujibu swali, fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, taja wahusika watano na sifa zao kwa kila mmoja, mpaka kitabu chenyewe kinakwisha wewe hujui hata kilikuwa kinahusu nini, unajua tu kinazungumzia nafasi ya mwanamke katika jamii. Sasa mtu wa hivyo amemaliza form four ameshukuru Mungu, leo unamwambia kina mafunzo, anachosikia ni mtihani.

Chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, mtoto wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, tunajivunia naye. Ukimwambia kijana Kusadikika ni kitabu cha mwaka 1951 kinachofundisha umuhimu wa haki na utawala bora, ameshaondoka huyo. Lakini mwambie hivi. Kuna nchi inaelea hewani. Kuna kijana anaitwa Karama yuko kizimbani, kosa lake anataka watu wafundishwe sheria, na anayemshtaki ni waziri mwenye nguvu anaitwa Majivuno, na njia pekee ya Karama kujiokoa ni kuwakumbusha wakubwa wa nchi juu ya wajumbe sita waliotumwa zamani, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, na nini walifanyiwa waliporudi nyumbani na habari njema. Umeona? Kitabu ni kile kile, sikuongeza chumvi hata punje, nimekwambia tu ndani kuna nini. Mtu atauliza enhe, walifanyiwa nini? Mkabidhi kitabu hapo hapo usiendelee kuongea.

Kwa hiyo mtu akinijia mi simuulizi unapenda vitabu gani, maana wengi hawajui, au wanajua wanaona aibu. Namuuliza mara ya mwisho kukesha ulikesha kwa ajili ya nini. Mmoja atakwambia series za Kikorea, mwingine za kijasusi, mwingine atasema nilikesha namsikiliza bibi anahadithia mambo ya zamani ya ukoo, mwingine mpira. Hapo mi nimeshapata pa kuanzia.

Sasa naomba mnivumilie niongee kirefu kidogo kuhusu upelelezi, kwa sababu ndo mlango ambao watu wengi wameingilia na ndo mlango tunaoudharau. Chuoni wanaviita fasihi pendwa, na wengine wakitamka hilo pendwa unasikia kabisa dharau ndani yake. Lakini tuangalie historia. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, mtu wa magazeti yule, alikuwa mhariri wa Mkulima, kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau miaka ya mwisho ya hamsini kikachapwa 1960, na ndani yake kuna maiti imekutwa mzimuni, kila mtu anasema ni mashetani, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni anakataa. Anauliza maswali, anapima, anacheka kidogo, anauliza tena. Yaani riwaya zetu za mwanzo mwanzo kabisa za kisasa zilikuwa za upelelezi, na Kiswahili kilichomo mle, jamani, mazungumzo ya watu wa mashamba ya Unguja, matani, kejeli, ni darasa tosha ila hukigundui kama ni darasa kwa sababu unamtafuta muuaji. Kisima cha Giningi kikaja 1968, Duniani Kuna Watu 1973, na kadhalika.

Halafu Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Kufa na Kupona ya 1974 nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa na Willy anatumwa Nairobi, na mkumbuke wakati ule kamati ya ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, makao yake yalikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo msomaji wa enzi hizo hakuwa anasoma mambo ya mbali, wapigania uhuru alikuwa anapishana nao barabarani. Kikosi cha Kisasi anaenda Kinshasa. Akaja Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Baba zetu walikuwa wanaazimana hivi vitabu mpaka kava linachomoka, wanabandika gundi, wanaandika kwa kalamu mbele ukimaliza rudisha. Ninazo kopi kijiweni zina majina ya watu manne mpaka watano. Sasa wewe na elimu yako uje uniambie hivyo sio vitabu?

Kuna kijana wa bodaboda anapaki jirani yangu, alianza kwa kuvisoma vya Musiba pale pale kwenye pikipiki akisubiri abiria, havinunui, anasoma anarudisha na mi namwacha. Alivyovimaliza nilivyonavyo akaja amenuna. Nikafikiri, huyu anachopenda si bunduki, anapenda mtu mmoja aliyebanwa na serikali au na maadui na anatafuta pa kutokea. Nikampa Haini ya Adam Shafi. Hiyo sio ya upelelezi, hakuna Willy Gamba wa kuja kukuokoa, ni watu waliokamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, wako ndani, wanahojiwa, wanapigwa, na mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya mauaji ya Karume ya Aprili 1972, kwa hiyo habuni harufu ya chumba. Alikaa nacho muda mrefu huyu kijana. Aliporudisha hakusema kizuri wala kibaya, aliniuliza tu, dada, kuna kingine cha mtu aliyekaa jela? Nikampa Sauti ya Dhiki.

Hapo kuna mtu atasema umemruka mno, umempa mtu wa bodaboda diwani ya mashairi. Ndiyo nimempa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijikaratasi kinauliza Kenya twendapi, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969, na mashairi yale aliyaandika huko ndani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Ikachapwa 1973 na mwaka uliofuata ikapata tuzo, na tuzo yenyewe ina jina la Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ukimwambia mtu hayo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, hatasoma mashairi akihesabu mizani, atasoma barua ya mtu aliyefungiwa. Lahaja ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ilimsumbua mwanzoni, tukawa tunasoma pamoja beti mbili tatu wateja wakipungua, na mimi mwenyewe nilifaidi kuliko yeye, maana kusoma kwa sauti ndo namna sahihi ya shairi la Kiswahili, yametungwa yaimbwe yale.

Mnaona hiyo njia? Upelelezi, riwaya ya kisiasa, ushairi. Hizo ni kabati tatu tofauti pale maktaba ya mkoa, na hakuna aliyemwambia panda daraja. Kitu kilichomvuta kilikuwa kimoja tu, mtu aliyebanwa. Hii ndo siri ya kusoma vitabu vya kila aina, usifuate aina, fuata kile kinachokuuma. Mtu anayeumwa na mambo ya ndoa aliyoyasoma kwenye simulizi za WhatsApp mpe Vuta n'kuvute, Yasmin msichana mdogo kaozwa mzee asiyempenda, Unguja ile ya kabla ya uhuru, kuna taarabu, kuna mapenzi, kuna siasa zinaingia polepole mpaka unashtuka umekuwa ndani yake, na akimaliza kuna filamu yake imetoka 2021 ya Amil Shivji aende akagombane nayo. Halafu akitaka tena mpe Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971, msichana wa Ukerewe na baba mkali kupita kiasi, kitabu ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na hilo la marufuku mwambie tu waziwazi, watu wazima wana haki ya kujua.

Halafu kuna ndugu zangu wa vitabu vya mafanikio. Ninyi ndo mnanilisha, nasema kweli, tajirika haraka, amka saa kumi alfajiri, tabia za matajiri, vinatoka kila siku. Sivikatazi. Ila mtu anayesoma hivyo tu, mwaka wa kwanza wa pili wa tatu, mi humwambia kaka kama unataka kujua mtu ametokaje chini akafika juu soma maisha ya mtu kweli, mwenye jina na mtaa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijijini, maskini, hajui kusoma, alikuwa anatembeza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay ikasambaa pwani nzima. Shaaban Robert akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu chembamba hicho, unakimaliza kwa safari moja ya basi kwenda Dar. Au Mzee Rukhsa, ya rais Mwinyi mwenyewe, imetoka 2021, kwa Kiswahili. Mle utakuta pia waliposhindwa na waliposubiri, na mafanikio ya kweli yana kusubiri kwingi.

Tamthilia sitasema sana. Watu hawazinunui kwa sababu wanasoma kimya kimya peke yao, na tamthilia haikuandikwa kwa ajili hiyo. Chukueni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, gawaneni sehemu nyumbani, baba awe fulani, shangazi awe fulani, watoto wawe watu wa kijijini, someni kwa sauti mpaka pale mwishoni anapoambiwa akane ile maji na anakataa, na anajua kwa nini anakataa. Vita vya Majimaji mmevisoma shule kuwa vilipiganwa 1905 mpaka 1907 basi. Someni hii muone nyumba itakavyokaa kimya halafu itakavyoanza kubishana, wengine watasema alikuwa sahihi na wengine watasema aliwaponza watu.

Tafsiri nazo tuzipe heshima yake. Kuna dhana kwamba kitabu cha kutoka nje lazima ukisome kwa Kiingereza ndo uonekane umesoma. Mwalimu Nyerere akiwa na nchi ya kuongoza alikaa chini akamtafsiri Shakespeare, ile tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, akairudia tena baadaye, na Mabepari wa Venisi 1969. Shamba la Wanyama, ile Animal Farm ya George Orwell, tunalo tangu 1967, katafsiri Kawegere. Na Abdulrazak Gurnah alivyopata Nobel 2021 tulishangilia wote, lakini wangapi tulikuwa tumemsoma? Sasa Peponi ipo, Ida Hadjivayanis kaitafsiri, imetoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, ya kijana Yusuf ambaye baba yake ana deni kwa tajiri na yeye ndiye anayelipa lile deni kwa kuchukuliwa. Ile safari ya msafara wa biashara kwenda bara ukiisoma kwa Kiswahili inakuwa kama imerudi kwao, na kwa mtu wa Tanga au Pangani inamgusa zaidi, njia zile zilipita kwetu.

Na kwa kuwa tuko Tanga, wadogo zangu, Siku Njema ya Ken Walibora. Mkenya aliyeandika, 1996, lakini hadithi inaanzia hapa hapa kwetu, kijana Kongowea Mswahili mama yake alikuwa mwimba taarabu wa Tanga, mama anafariki na kijana anavuka mpaka kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Wenzetu wa Kenya walisoma hiki kitabu shuleni mpaka wakakikariri, sisi wenye mji hatukijui. Mkikipata gombanieni.

Kuna jambo lingine naomba mlishike mnapopendekezeana, mpe mtu ruhusa ya kuacha. Mwambie soma kurasa ishirini, kikikushinda rudisha, sitakuuliza. Mtu akijua anaruhusiwa kukiacha anakuwa hana woga wa kukianza. Na usimfuatefuate, umefika wapi, umefika wapi, utafikiri unamdai. Pia ukikataliwa kitabu unachokipenda usichukulie umetukanwa. Mimi Nagona ya Kezilahabi, kile kitabu kidogo cha 1990, nakipenda sana na karibu kila niliyempa karudisha amekunja uso, haelewi nani anaongea wala yuko wapi. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyenipa mimi, na alisema maneno machache tu, kisome kama unavyoota, usikamate, acha kipite. Kwa hiyo sasa nampa mtu mmoja mmoja, kwa wakati wake, mara nyingi aliyefiwa au aliyepita kwenye kipindi ambacho dunia imemchanganyikia, na wachache hao hurudi kuniomba wabaki nacho.

Na sisi wenyewe tukubali kupendekezewa. Hili nawaambia hasa walimu wangu mliomo humu, maana nyie mnapenda kutoa. Mwanafunzi wako akikuletea simulizi ya kwenye simu, soma. Soma mpaka mwisho, halafu mwambie ulipocheka na ulipochoka. Akiona umeheshimu chake, siku utakayomletea Utenzi wa Mwana Kupona atakaa, atakusikiliza ukimwambia huyu alikuwa mama wa Pate, mwaka 1858, anaumwa, anajua hana muda, anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Hapo utakuwa umemwambia kuna mama na mtoto wake, na atataka kujua mama alimwambia nini, na akifika kwenye yale mawaidha ya mke na mume mwache akubali au akatae mwenyewe, wasichana wangu wengi wa kijiweni hukataa na wanaendelea kusoma huku wanabisha na bibi wa karne ya kumi na tisa, hiyo ndo raha.

Vitabu vyenyewe vinapatikana wapi, hilo najua mtaniuliza. Maktaba yetu ya mkoa ipo, kadi sio ghali, na ukikuta kitabu hakipo waulize na uandike jina lake, wakiulizwa mara nyingi watajua kinatafutwa. Vya zamani njooni Ngamiani, na kama sina nitakuulizia kwa wenzangu wa Dar. Vipya nunueni, ndugu zangu, hizi PDF zinazorushwa kwenye magrupu zinamuumiza mwandishi ambaye yuko hai na anaandika kingine. Na vile vya Bwana Msa na vya Musiba, kama humu kuna mchapishaji au mnamjua mchapishaji, mwambieni yule dada wa Tanga kasema vichapwe kwa wingi, wateja ninao, kila wiki narudisha watu mikono mitupu.

Nimemaliza muda wangu naona mwenyekiti ananiangalia. Kabla ya maswali tufanye kitu kimoja. Kila mtu amgeukie aliyekaa kushoto kwake, hata kama humjui, muulize alikesha kwa ajili ya nini mara ya mwisho, kisha umtajie kitabu kimoja, kimoja tu, umwambie ndani kuna nini mpaka pale atakapokwambia enhe. Nyie wa nyuma mko watatu, zungukaneni. Haya, anzeni.